Asanseri inapiga kishindo kila nikiachia butoni, je nilegeze springi za breki?

"Mukubwa jambo. Niko Lubumbashi, nafanya matengenezo ya asanseri (lifti) kwenye batima (jengo) moja ya etaje (ghorofa) 8 hapa mjini katikati. Ni ya watu 8, kilo 630, inatembea mita 1 kwa sekunde, mota iko na variateri, kile chombo cha kubadilisha mwendo wa mota. Watu wakiipanda inasimama vizuri kabisa, hata hawasikii. Lakini mimi nikipanda juu ya kabini na kuweka modi ya ukaguzi, ile ya fundi kuitembeza mwenyewe kwa butoni, kila nikiachia butoni inasimama kwa kishindo, magoti yanakunjika, juzi nilibakia kidogo nianguke kwenye kable. Mwenzangu mmoja ananiambia nilegeze springi za breki nusu mzunguko kila upande, itakuwa laini. Mwingine anasema nipake mafuta kidogo tu kwenye ngoma, ile gurudumu inayobanwa na breki. Mwenye batima anaona breki imezeeka inunuliwe mpya, lakini pesa hana. Nifanye je isimame taratibu na bado iwe salama?"

Jambo mdogo wangu. Kabla sijaeleza kitu chochote: springi usiziguse, na mafuta yaache mbali na hiyo ngoma. Kama umekwisha kuzilegeza kabla ya kusoma hapa basi zima asanseri leo, bandika karatasi kila etaje kwamba haifanyi kazi, na isirudi kubeba mtu mpaka breki ipimwe na mtu mwenye kitabu cha hiyo mashine. Sikutishi, nitakueleza sababu, na sababu yenyewe ni wewe unayesimama pale juu kuliko hata abiria.

Nimeelewa shida yako na si ya kudharau. Kuna watakaokuambia huko juu ya kabini si pahali pa kustarehe, vumilia. Hapana, fundi akitikiswa ghafla huku mkono mmoja umeshika kisanduku cha butoni na mwingine umeshika tochi, anaweza kujishikiza kwenye kable inayotembea ama kwenye puli, na hapo vidole vinakwenda. Kwa hiyo una haki kutaka isimame taratibu. Ila wote watatu, wewe, wenzako na mwenye batima, mnaitupia breki kosa ambalo kwa namna ulivyoeleza si lake.

Angalia hili neno uliloandika mwenyewe, kwamba abiria hawasikii kitu. Hapo umekwisha kujibu nusu ya swali. Kwenye asanseri yenye variateri, safari ya kawaida haisimamishwi na breki. Variateri inapunguza mwendo wa mota kidogo kidogo, kabini inafika sawa na sakafu ya etaje, mota inaishikilia pale ikiwa sifuri kabisa, na ndipo breki inafunga. Ni kama dereva wa taksi anayesimamisha gari kwa mguu, akiisha kusimama ndipo anavuta breki ya mkono. Ukiwa kwenye ukaguzi sasa, kwenye kontrole nyingi (kabati la umeme linaloongoza asanseri), ukiachia butoni kontakta, yaani zile swichi kubwa za umeme, zinakatika papo hapo, mota inakosa kuran (umeme), bobini ya breki, ile koili ya sumaku inayoifungua, nayo inakosa kuran, springi zinabana ngoma wakati kabini bado inatembea. Yaani ni ile breki ya mkono imevutwa gari likiwa kwenye mwendo. Kishindo unachosikia kwenye magoti ni breki inafanya kazi ambayo variateri haikupewa nafasi kuifanya. Breki si kali kupita kiasi, iko vile inatakiwa kuwa.

Maana breki ya asanseri imejengwa kinyume na watu wengi wanavyofikiri. Kuran haifungi breki, kuran inaifungua. Springi ndizo zinafunga, saa zote, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kuran ikikatika mji mzima, waya ukikatika, kontakta ikiachia, breki inafunga tu. Ndio maana springi hazichezewi, hicho ndicho kitu kimoja kwenye mashine nzima kinachobaki kufanya kazi wakati vingine vyote vimekufa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hata mafundi wa siku nyingi wanalikosea. Ukiwauliza breki ikilegea kabini itaenda wapi, wanasema itaanguka. Hesabu mwenyewe na namba zako. Upande wa pili wa kable kuna kontrepwa, vile vyuma vizito vinavyopanda kabini ikishuka. Kwa kawaida kontrepwa inawekwa uzito wa kabini tupu pamoja na 40 mpaka 50 kwa mia ya mzigo. Wewe mzigo wako ni kilo 630, tuseme nusu, ni kilo 315. Kwa hiyo kabini ikiwa tupu kontrepwa inaizidi kilo 315. Wewe ukisimama juu na vyombo vyako, tuseme kilo 75 ama 80, bado inaizidi kilo 235 hivi. Breki ikishindwa wewe hauanguki, wewe unapanda. Unakwenda kukutana na dari ya shimo (ile njia kabini inapopita), na kwa asanseri za zamani ile parashuti, yale meno yanayobana reli kabini ikikimbia, inabana kwa kushuka tu, kwa kupanda haifanyi kitu. Sheria za Ulaya zilianza kudai kinga ya kabini kukimbia kwenda juu na kanuni ya asanseri iitwayo EN 81-1 ya 1998, na kinga ya kabini kuondoka yenyewe mlango ukiwa wazi na marekebisho yake ya A3, yaliyokuwa ya lazima toka 2012. Batima nyingi za kwetu zina asanseri iliyofungwa kabla ya hapo. Hivyo ile nusu mzunguko ya springi unayoambiwa, unaipunguza kutoka kwenye kitu pekee kinachozuia kichwa chako kisifike darini. Huyo mwenzako hana roho mbaya, amesahau tu kuhesabu kontrepwa.

Tena springi hazikukazwa kwa kukisia. Kanuni ya EN 81-20, iliyokuja baada ya EN 81-1, inataka breki peke yake iweze kusimamisha mashine kabini ikishuka kwa mwendo wake wote na mzigo wake pamoja na robo ya ziada, yaani kwako kilo 630 inakuwa karibu 790. Na vipande vya kubana viwe seti mbili, ili seti moja ikikufa ile ingine bado ipunguze mwendo, isimamishe kabini yenye mzigo wake wa kawaida na kuishikilia. Ukilegeza "kila upande kidogo" umeharibu zote mbili kwa mara moja, ile akiba imekwisha, na hautaona kitu siku hiyo. Asanseri itatembea, itasimama, watu watapanda. Utaona siku watu 8 wameingia na mizigo ya sokoni.

Mafuta sitaki hata kuandika mengi. Pedi ikinyonya mafuta haioshwi ikarudi kama zamani, inabadilishwa. Na kama mashine yako ni ya gia, angalia kama mafuta ya gia hayatiririki yenyewe kwenye shafti kuelekea ngoma, hilo nalikuta mara nyingi kuliko yule anayepaka kwa mkono, mtu anafuta juu juu na kitambaa kila mwezi badala ya kubadilisha siili, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke.

Haya, sasa cha kufanya.

Anza na mwendo, hapo ndipo utapata faida kubwa kwa bei ya bure. Pima modi ya ukaguzi inatembea kwa mwendo gani. Kikomo cha kanuni ni mita 0.63 kwa sekunde, na kwenye EN 81-20 ukibakia na mita 2 au chini ya hapo kati ya pale unaposimama na dari, ama kwa mtu aliye chini kwenye shimo, kikomo kinashuka kuwa 0.30. Wafungaji wengi wanaweka karibu na 0.63 ju wanataka kumaliza kazi haraka. Lakini nguvu ambayo breki inatakiwa kuiua inakwenda na mwendo mara mwendo. Ukitoka 0.63 ukaweka 0.30 haukupunguza nusu, umepunguza zaidi ya mara nne. Kwa breki inayopunguza mwendo kwa kiasi cha mita 1 kwa sekunde kila sekunde, toka 0.63 inahitaji sentimita 20 kusimama, toka 0.30 inahitaji sentimita 4 na nusu tu. Na hapo sijahesabu ule muda mdogo kabla pedi hazijagusa ngoma. Kwenye variateri hiyo ni parametri moja tu, mwendo wa ukaguzi. Mimi ningeweka 0.25 au 0.30 na kuiacha hapo, ukaguzi wa reli na kable hautaki haraka, kwanza ukienda polepole ndipo unaona waya zilizokatika kwenye kable.

Kisha angalia variateri na kontrole kama zinakubali kusimama kwa ngazi kwenye ukaguzi. Baadhi zina chaguo, ukiachia butoni ya kupanda au kushuka, mota inapunguza mwendo upesi mpaka sifuri, breki inafunga, ndipo kontakta zinakatika. Toka 0.25, kwa kupunguza nusu mita kwa sekunde kila sekunde, inamalizika ndani ya nusu sekunde na sentimita 6 hivi, na kishindo kinapotea kabisa. Hapa lakini uwe mwangalifu sana na tofauti moja: hiyo ngazi ni ya butoni za mwendo tu. Ile stopu nyekundu, na mnyororo wote wa usalama, swichi za milango, swichi za mwisho wa shimo, kidhibiti mwendo, hivyo lazima vikate mota na breki papo hapo bila kupitia variateri wala programu yoyote. Ukibonyeza stopu ukasikia kishindo, ni sawa, iache hivyo. Mtu akikuambia anaweza kulainisha na stopu nyekundu pia, huyo usimpe kompyuta yake ifike kwenye kontrole yako. Na kama kontrole yako haina hilo chaguo, usitafute njia ya kuchelewesha kontakta kwa kuongeza kondensa ama rele ya muda pembeni. Nimeona hizo kazi, zinakuwa nzuri mpaka siku rele inashikana.

Baada ya hapo ndio uende kwenye breki yenyewe, na hata hapo ni kupima kwanza. Asanseri izimwe swichi kubwa, ifungwe kufuli, na kontrepwa ama kabini iwe imekalia pahali ambapo haiwezi kwenda popote kama utafungua kitu. Chukua vile visu vyembamba vya kupimia nafasi, pima pengo la hewa kwenye breki pande zote mbili, halafu linganisha na namba ya kiwanda, ni sehemu ndogo ya milimita. Pedi zikiisha pengo linakua, kile chuma cha sumaku kinasafiri mbali zaidi kabla ya kugonga, ndipo unasikia ule mlio mkavu kwenye chumba cha mashine. Upande mmoja ukiwa na pengo kubwa kuliko mwingine, breki inabana kwa mkono mmoja kwanza halafu wa pili, na wewe huko juu unasikia mishtuko miwili midogo badala ya mmoja. Kurekebisha pengo kwa namba ya kiwanda ni kazi halali, si sawa na kulegeza springi, ingawa boliti zinakaa jirani na watu wanazichanganya. Ndio maana nakuomba kitabu cha mashine, si video.

Pima pia volti kwenye bobini, mara mbili: wakati breki inafunguka na wakati imeshikiliwa wazi. Breki nyingi zinapewa volti nyingi kwa kufungua, halafu zinashushiwa kwa kushikilia ili bobini isichemke. Hapa Lubumbashi unajua kuran ya mtaa inavyocheza, jioni watu wote wakiwasha majiko inashuka. Ikishuka sana breki haifunguki vizuri, pedi zinakwaruza ngoma safari nzima, zinapata joto, zinang'aa kama kioo na hazishiki tena kama zamani. Saa ingine inaachia katikati ya safari na inafunga kwa kishindo, mtu anasema breki kali, kumbe ni volti. Gusa ngoma baada ya safari kadhaa (swichi ikiwa imezimwa, sitaki mtu anishitaki), kama inaunguza mkono, breki inakwaruza. Kiangazi ongeza na vumbi letu jekundu, linaingia kila mahali, chumba cha mashine kisicho na vioo vizima kinajaa. Lisafishe kwa brashi na mashine ya kunyonya, si kwa hewa ya kompresa inayolisukuma ndani ya mota.

Kuna kitu kingine ambacho fundi wa umeme atakielewa haraka. Ukikata kuran ya bobini kabla ya daraja la diodi (linalogeuza kuran ya AC kuwa DC), upande wa mbadilishano (AC), sumaku inakufa polepole na breki inafunga laini lakini kwa kuchelewa. Ukikata baada ya diodi, upande wa moja kwa moja (DC), inafunga upesi na kwa nguvu. Mashine fulani zinatumia njia ya kwanza kwa kusimama kwa kawaida na ya pili kwa hatari. Kama kuna mtu alibadilisha kontakta kwako siku za nyuma na kuunga waya anavyojua, inawezekana kishindo kilianza hapo. Kwa hiyo uliza: shida ilikuwako toka asanseri ifungwe, ama ilianza baada ya kazi fulani? Jibu la hilo linaweza kukuokolea siku nzima. Ila kuhamisha hizo waya si kazi ya kujaribu, mchoro wa kiwanda ndio unasema.

Ili ujue breki iko hai, kuna kipimo cha chaki. Hakuna mtu ndani, hakuna mtu juu, milango yote imefungwa na kuna mtu chini anawazuia abiria. Peleka kabini tupu juu kwa mwendo wake wa kawaida (kwa kupanda, ndio mwelekeo mgumu kwa kabini tupu, ju kontrepwa inavuta), ikiwa katikati ya shimo kata swichi kubwa kwenye chumba cha mashine. Kabla ya hapo ulipiga mstari wa chaki kwenye kable na kwenye puli. Pima puli ilizunguka kiasi gani toka ulipokata, na angalia kama mstari wa kable na wa puli vimeachana. Vikiachana kable zinateleza kwenye mifereji, hiyo ni shida ya puli, si ya breki, na kukaza breki kutaizidisha. Andika namba kwenye daftari na tarehe. Mwezi ujao ikiongezeka unajua breki inachoka kabla haijakuangusha. Kile kipimo cha mzigo na robo juu yake usikifanye peke yako, kinataka vyuma vya uzito na watu wanaojua.

Kuhusu wewe mwenyewe huko juu: kabla ya kukanyaga kabini jaribu stopu, jaribu swichi ya ukaguzi, hakikisha butoni ya mwelekeo peke yake haitembezi kitu mpaka ushike na ile butoni ya pamoja kwa wakati mmoja. Simama miguu imeachana, magoti yamelegea kidogo, mgongo mbali na reli, mkono ushike kitu cha kabini yenyewe na kamwe si kable. Achia butoni ukiwa umejiandaa, usiachie huku unageuza kichwa. Mwenzako akiwa chumba cha mashine, mmoja tu ndiye anaamuru, naye anayesikia anarudia neno lile lile kabla ya kufanya. Na mwambie mlinzi asiwashe wala kuzima grupu (jenereta) wakati uko kwenye shimo. Kuran ikikatika, bonyeza stopu kwanza, ndipo utafute tochi.

Mtu mwingine akisoma hapa mwenye asanseri ya zamani, zile za majumba ya miaka ya 1950 ambazo hazina variateri: kama mota ni ya mwendo mmoja, breki ndiyo inasimamisha kila safari, kwa hiyo kishindo fulani ni cha kawaida na pedi zinakwisha haraka. Kama ni ya mienendo miwili, hakikisha ukaguzi unatumia mwendo mdogo, mara nyingi ni robo ya ule mkubwa. Nje ya hapo hakuna ulaini wa kutafuta bila kubadilisha kontrole.

Kwa mwenye batima, mwambie hivi: breki mpya pengine haihitaji, anahitaji kulipa siku moja ya fundi anayejua hiyo marka, na kompyuta ama kisanduku cha kuingia kwenye parametri. Mwite huyo fundi bila kujadiliana kama utakuta pedi zina mafuta ama zimefika kikomo, kama pengo halirekebishiki sawa pande zote, kama volti ya bobini haifiki namba ya bamba hata kuran ikiwa nzuri, kama kabini inasogea yenyewe hata kidogo ikiwa imesimama, ama kama springi zimekwisha kuguswa na mtu ambaye hakuandika urefu wake wa mwanzo. Kwa haya mawili ya mwisho asanseri inazimwa siku hiyo hiyo, watu wapande ngazi, hata wa etaje ya 8.

Kama hamna hata moja ya hizo, shusha mwendo wa ukaguzi uweke 0.25, panda ujaribu, na uniandikie mwendo uliokuwa umewekwa mwanzo, pengo la kila upande, volti mbili za bobini, na kilichoandikwa kwenye bamba ya mota na ya variateri. Kwa hizo naweza kukuambia kama kontrole yako inakubali ile ngazi ya kusimama ama hapana.